Namba ya Simu ya Biashara: Aina Zake, Gharama Zake na Usalama Wake

Ndugu wananchi wa maeneo ya mipakani, mtu anayebandika namba ya simu juu ya mlango wa duka lake amefungua mlango wa pili. Mlango wa kwanza huufunga jioni kwa kufuli. Wa pili haufungwi usiku wala mchana, na wapitao humo hawaonekani nyuso. Kwa sababu hiyo sisi tunaoandika jarida hili mjini Kigali tumeona vema tuzungumze nanyi juu ya namba hizo: ziko za aina gani, kila aina hutoza nini, nani hulipa, na hatari gani huingia pale namba inapochaguliwa bila kufikiri.

Huenda msomaji akauliza, polisi na gharama za simu wapi na wapi? Jibu ni kwamba udanganyifu mwingi wa fedha siku hizi huanza kwa simu kuita. Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza vitunguu na karoti kwa jumla mjini Rubavu, na wateja wake wengi wako Goma, ng'ambo ya kivuko cha Petite Barrière. Kwenye karatasi yake ya bei ameandika namba ya kijana anayemsaidia dukani, kwa kuwa kijana ndiye mwenye simu nzuri. Miezi sita baadaye kijana anaacha kazi na kuondoka na laini yake. Wateja wanaendelea kupiga namba ileile. Kijana anaitika kama kawaida, anapokea malipo ya awali ya magunia kumi, kisha anazima simu. Mteja anavuka mpaka kuja kudai mzigo wake, na mama wa watu hana habari. Maneno yanakuwa makali, majirani wanakusanyika, na hapo ndipo polisi huitwa. Fedha zilipotea siku moja, lakini mzizi wa shauri ni siku ile namba ilipochaguliwa.

Kuisoma namba kabla ya kuipiga

Kila namba husema jambo fulani juu ya mwenyewe, kwa anayejua kuisoma. Nchini Rwanda namba ya kawaida ina tarakimu kumi ikianza na sifuri. Zinazoanza na 078 na 079 zilitolewa kwa mtandao wa MTN, na zinazoanza na 072 na 073 ni za Airtel. Zinazoanza na 025 ni za simu za mezani, ambazo hadi leo hutumiwa zaidi na ofisi, mabenki na taasisi. Mpigaji aliye nje ya nchi huondoa ile sifuri na kutanguliza msimbo wa nchi, yaani +250.

Majirani zetu nao wana misimbo yao: Uganda ni +256, Tanzania ni +255, Burundi ni +257, Kenya ni +254, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni +243. Ni vizuri watoto na wazee wa mipakani waijue misimbo hii kwa moyo, kama wanavyojua majina ya vivuko vyetu vya Gatuna, Rusumo, Rusizi na Akanyaru. Anayeijua hatababaika akiona namba ngeni kwenye kioo cha simu yake.

Lakini namba ina mipaka yake katika kusema kweli. Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017 zimemruhusu mteja kuhama mtandao akiwa na namba yake ileile, hivyo tarakimu za mwanzo katika nchi hizo hazithibitishi tena mtandao anaotumia mtu. Zaidi ya hapo, wahalifu wenye vifaa wanaweza kuifanya simu yako ionyeshe namba ambayo siyo wanayoitumia kwa kweli. Namba ionekanayo kwenye kioo ichukuliwe kama jina ambalo mgeni amejitajia mlangoni. Inawezekana ni lake, inawezekana si lake.

Aina za namba na anayelipa

Mfanyabiashara anaweza kuchagua kati ya aina kadhaa za namba. Tofauti kubwa kati yao ni moja: mzigo wa gharama unamwangukia nani?

Aina ya kwanza ni namba ya kawaida ya simu ya mkononi. Hapa mpigaji ndiye anayelipa, na mpokeaji akiwa nchini mwake halipi kitu. Namba hii hupatikana kwa haraka, huhama pamoja na mwenyewe, na hupokea fedha kwa njia ya simu. Udhaifu wake ni kwamba imefungamana na mtu mmoja aliyeisajili kwa kitambulisho chake. Mtu huyo akiugua, akisafiri au akigombana na wenzake, biashara nzima hukosa sauti.

Aina ya pili ni namba ya simu ya mezani. Humpa mteja imani kwamba biashara ina ofisi na anwani, na ni vigumu kuibeba mfukoni na kutoroka nayo. Kwa duka dogo la mpakani huenda isiwe na faida kubwa, lakini kwa chama cha ushirika, ghala au kampuni ya usafirishaji inafaa kufikiriwa.

Aina ya tatu ni namba isiyomtoza mpigaji. Katika nchi jirani za Kenya, Uganda na Tanzania namba hizi huanza na 0800. Utaratibu huu ulianza Marekani mwaka 1967 kwa namba za 800, ukaenea duniani. Neno «bure» hapa lieleweke vizuri: simu hiyo inalipiwa, ila anayelipa ni mwenye namba. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme dakika moja inamgharimu mwenye namba franga 40, na kwa siku anapigiwa simu 50 za dakika tatu tatu. Hizo ni dakika 150, sawa na franga 6,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni franga 156,000 kwa mwezi. Kampuni kubwa inaweza kubeba mzigo huo kwa kuwa wateja wake ni wengi na malalamiko yakichelewa humgharimu zaidi. Mwenye kibanda cha vitambaa atazama kabla ya mwezi kwisha.

Aina ya nne ni namba fupi, yenye tarakimu tatu au nne tu. Faida yake ni kukumbukwa. Hutolewa kwa idhini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Umma, yaani RURA, ambayo ndiyo mwangalizi wa namba zote nchini mwetu. Namba za huduma za umma ziko katika kundi hili: 112 ya polisi wakati wa dharura, 111 ya zimamoto, 113 ya ajali za barabarani, 912 ya gari la wagonjwa, 116 ya kuwalinda watoto, na 166 ya Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB. Hizi hazimtozi mpigaji.

Aina ya tano ni namba ya bei ya juu. Katika Tanzania na Kenya kundi la 0900 limetengwa kwa ajili hiyo. Mpigaji hulipa zaidi ya bei ya kawaida, na sehemu ya fedha humwendea mwenye namba. Zipo huduma halali za namna hiyo, kama mashindano ya redio au ushauri wa kitaalamu. Hata hivyo palipo na mtu anayefaidika kwa kila dakika ya mazungumzo yako, pana mtu anayetamani mazungumzo yawe marefu. Mfanyabiashara wa kawaida asiichague aina hii, na mteja asiipige kabla ya kujua bei.

Ipo pia namba inayopita katika intaneti. Wafanyabiashara wengi wa mipakani hutumia WhatsApp, na tangu 2018 kampuni hiyo imetoa programu maalumu kwa biashara. Mazungumzo yake hayahesabiwi kama dakika za simu, bali hula kifurushi cha intaneti cha pande zote mbili. Kwa mteja wa Bukavu au Kabale njia hii mara nyingi ni nafuu kuliko simu ya kimataifa. Ila kumbukeni kwamba akaunti hiyo imesimama juu ya laini ya kawaida. Anayeimiliki laini, au anayepewa ile namba ya uthibitisho ya tarakimu sita inayotumwa kwa ujumbe, ndiye anayeimiliki akaunti.

Bei hupangwaje?

Mtu akipiga ndani ya mtandao wake, kampuni moja tu hushughulika na simu hiyo. Akipiga mtandao mwingine, kampuni yake inalazimika kuilipa kampuni ya pili kwa kuipokea na kuifikisha. Akipiga nchi nyingine, huongezeka mkono wa tatu na pengine wa nne, kila mmoja ukichukua chake njiani. Hapo ndipo tofauti ya bei inapotoka, na ndiyo sababu wafanyabiashara wengi hubeba simu yenye laini mbili: mteja wa kila mtandao apige kwa bei ya nyumbani.

Jambo la pili ni namna muda unavyohesabiwa. Anayetozwa kwa sekunde akizungumza sekunde 61 hulipa sekunde 61. Anayetozwa kwa dakika hulipa dakika mbili kamili. Kwa mtu anayepiga simu fupi fupi siku nzima, kuuliza bei na kuagiza mzigo, tofauti hiyo ya sekunde moja huwa kubwa mwisho wa mwezi. Mnaponunua kifurushi, ulizeni mambo matatu: kinahusu mtandao gani, kinaisha lini, na dakika zikiisha katikati ya mazungumzo salio linaanza kukatwa kwa bei gani.

Mambo ya mpakani

Hadi hapa tumesema yanayowahusu watu wote. Sasa tuje kwenu hasa.

Mawimbi ya simu hayajui jiwe la mpaka. Mkazi wa Rubavu, Rusizi au Bugarama anaweza kuwa ameketi sebuleni kwake, na simu yake ikashika mnara wa nchi jirani kwa sababu una nguvu zaidi mahali hapo. Tangu dakika hiyo anatozwa kama msafiri aliye ugenini, na intaneti inayojiendesha yenyewe ndani ya simu hula salio kimyakimya. Dawa yake ni rahisi. Ingieni kwenye mipangilio ya simu, zimeni matumizi ya intaneti ugenini, na chagueni mtandao wenu kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie. Ujumbe wa «karibu» kutoka mtandao wa kigeni ukiingia nanyi hamjavuka, ndiyo alama ya kwamba mmehamishwa.

Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilianzisha utaratibu wa eneo moja la mtandao, na Sudan Kusini ikajiunga baadaye. Chini yake msafiri aliye katika nchi hizo hapaswi kutozwa kwa kupokea simu, na bei ya kupiga kati ya nchi hizo iliwekewa kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika. Mfanyabiashara wa Gatuna aliyekwenda Kampala kufuata mzigo anaweza basi kubaki na laini yake ya Rwanda, na wateja wakampata kwa namba ileile. Hana haja ya kununua laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine barabarani, jambo ambalo ni kosa na ni hatari kwake mwenyewe.

Tanzania, Burundi na Kongo hazikuwamo katika makubaliano hayo ya mwanzo. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini nchi kuingia katika Jumuiya hakuteremshi bei ya simu siku hiyohiyo. Kabla ya kuvuka kwenda Goma, Kirundo au Ngara, ulizeni kampuni yenu bei ya siku hiyo ya kupiga, ya kupokea na ya intaneti. Kuuliza si ujinga.

Yafuatayo tunaomba yasomwe kwa sauti mbele ya familia. Namba fupi haivuki mpaka. Anayepiga 166 akiwa Goma hatapata RIB. Tena simu iliyoshika mnara wa nchi jirani, ikipigwa 112, huelekezwa kwenye huduma ya dharura ya nchi hiyo, hata kama laini ni ya Rwanda na mpigaji amesimama hatua kumi kutoka nyumbani kwake. Usiku wa hatari hilo linaweza kugharimu uhai. Kwa hiyo mambo mawili yafanywe mapema, wakati wa amani. Kwanza, hifadhini namba kamili ya kituo cha polisi kilicho karibu nanyi, pamoja na ya kiongozi wa kijiji na ya mjumbe wa kamati ya polisi jamii, zote zikianza na +250. Pili, mnaovuka mara kwa mara zijueni namba za dharura za upande wa pili. Uganda polisi hupatikana kwa 999 au 112, na Tanzania kwa 112.

Kanuni hiyohiyo inamhusu mwenye biashara. Aliyeandika namba yake kwa kuanzia na 078 amewaandikia Wanyarwanda walio nchini peke yao. Aliyeandika +250 na tarakimu tisa zinazofuata amewaandikia wote, kwa sababu namba ya namna hiyo hupigika ndani na nje. Wino ni uleule, na wateja huongezeka.

Bipu isiyo ya kawaida

Sote tunajua kubipu. Mtu hana salio, anapiga mara moja na kukata, ndugu yake anampigia. Ni desturi ya upendo na ya uchumi mdogo. Wahalifu wa kimataifa wameigeuza kuwa mtego, na mtego huo una jina la Kijapani, «wangiri», yaani kuita mara moja na kukata. Mashine hupiga maelfu ya namba, kila moja huita kwa sekunde moja. Mwenye duka anaona simu aliyoikosa, anadhani ni mteja wa mbali, anapiga. Upande wa pili kuna muziki, au sauti ya mtu anayejifanya hasikii vizuri, ili muda uende. Namba ile ni ya bei ya juu katika nchi ya mbali, na wenye mtego hugawana fedha zake.

Wafanyabiashara wa mipakani huingia mtegoni kwa urahisi kuliko wengine, kwa kuwa wamezoea kupigiwa kutoka nchi za nje. Angalieni msimbo kwa utulivu. Yetu ni +250. Namba yenye +205 ni ya Nikaragua, na yenye +225 ni ya Cote d'Ivoire. Zenye +881, +882 na +883 ni za mitandao ya satelaiti na mingine isiyo ya nchi yoyote, na bei zake ni kubwa. Hatusemi kila simu kutoka huko ni ya mwizi. Tunasema kwamba asiye na ndugu wala mteja mahali hapo hana sababu ya kurudisha simu. Mwenye shida ya kweli atapiga tena, au ataandika ujumbe.

Kuna na mtego unaokwenda kinyume. Simu ya kimataifa inaingizwa nchini kwa kifaa kilichojazwa laini nyingi za hapa, na mpokeaji huona namba ya kawaida ya Rwanda ingawa mpigaji yuko mbali. Wanaofanya hivyo hukwepa ada halali na huficha asili ya simu. Laini wanazotumia zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu, pengine vya kijana aliyepewa franga elfu mbili asajili laini tano za «rafiki». Uchunguzi ukianza, jina la kwanza kuonekana ni la huyo kijana.

Usajili wa laini ulifanywa kuwa lazima nchini mwetu mwaka 2013. Kila mmoja wenu apige *125# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende kwenye kampuni husika iondolewe. Walio Tanzania hufanya hivyo kwa *106#.

Namba ya kupigia na namba ya kulipia

Huduma ya fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, na kwetu MTN ikaanzisha ya kwake mwaka 2010. Tangu hapo namba ya simu imekuwa pia mkoba. Ushauri wetu ni kutenganisha mambo hayo mawili. Namba ya kupigia iwe ya kupigia. Malipo yapokelewe kwa msimbo wa mfanyabiashara, kama ule wa MoMoPay ambao mteja huingiza kwa *182*8*1* na kumalizia kwa tarakimu za duka na alama ya reli. Mteja huona jina la biashara kabla ya kuweka namba yake ya siri, na mwenye duka hapati hasara kwa kubadili simu au mfanyakazi. Jina likionekana tofauti na lile lililoandikwa dukani, malipo yasimamishwe papo hapo.

Tena muuzaji asikabidhi mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Salio la akaunti yake mwenyewe ndilo shahidi anayeaminika.

Kampuni ya Safaricom ya Kenya imewafundisha wateja wake jambo moja zuri: huwapigia kutoka namba moja tu, 0722 000 000, na simu yoyote nyingine inayodai kutoka kwake isiaminiwe. Hata chama kidogo cha wauza samaki cha Rusizi kinaweza kuiga. Kitangaze namba moja, kiiandike kwenye risiti, kwenye mizani na kwenye gari la mizigo, na kiwaambie wateja kwamba fedha hazitaombwa kamwe kutoka namba nyingine.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kuchagua, mwenye biashara akae chini ajiulize. Wateja wangu wako wapi, ndani au ng'ambo? Wanatumia mtandao gani? Je, wanapiga simu fupi au ndefu? Nani atapokea simu nikiwa safarini? Na lililo kubwa kuliko yote: namba hii imesajiliwa kwa jina la nani?

Ushirika uliosajiliwa, au kampuni iliyoandikishwa katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, usajili laini kwa jina la taasisi yenyewe. Mfanyabiashara mdogo asajili kwa kitambulisho chake mwenyewe, na simu ya kazi ibaki kazini jioni. Laini isiachwe muda mrefu bila kutumika, kwa kuwa kampuni huweza kuifunga na kumpa mtu mwingine namba hiyo, pamoja na wateja wenu wote. Laini ikipotea, iripotiwe siku ileile ifungwe na kurudishwa. Namba ikibadilishwa, tangazo jipya libandikwe na la zamani libanduliwe, upande huu na upande ule wa mpaka.

Tunamaliza kwa neno linalotuhusu sisi wenyewe. Wapo wanaopiga simu wakijiita polisi, wakidai ndugu yako amekamatwa kivukoni na kwamba fedha zitumwe upesi ili aachiliwe. Polisi haiombi fedha kwa simu. Kata simu hiyo, kisha piga wewe mwenyewe 112 au kituo unachokijua. Na ikiwa aliyekuomba fedha ni askari wa kweli, piga 3511, namba iliyowekwa kwa ajili ya malalamiko dhidi ya askari. Huduma hizo hazitozi kitu, na hata asiye na salio hupiga.

Aliyekwisha kudanganywa asione haya. Asifute ujumbe, aandike namba, saa na kiasi cha fedha, kisha apige 166 au aende kituo cha RIB kilicho karibu naye. Sheria ya 2018 ya kuzuia na kuadhibu makosa ya kimtandao ipo kwa ajili yake. Kila anayeripoti mapema huwapa wapelelezi nafasi ya kuzizuia fedha kabla hazijatolewa, na huenda akamwokoa jirani ambaye simu yake itaita kesho.

Yule mama wa vitunguu wa mfano wetu angehitaji vitu vitatu tu: laini yenye jina lake, msimbo wa malipo wenye jina la duka lake, na karatasi mpya ya bei iliyoandikwa +250. Gharama yake haifikii thamani ya gunia moja.